Jicho la kisukari na seli zinazojisafisha: wanaosema taratibu wana hoja

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu hapa Tanga, hasa Ramadhani inapokaribia, unasema hivi kwa ufupi: ukikaa saa 16 bila kula, seli zako huanza kula taka zake zenyewe, Mjapani mmoja alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi ya jambo hilo, kwa hiyo mwenye kisukari akifunga mara kwa mara, mishipa ya macho husafishika na uoni hurudi. Madai mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake. La tatu limetua mahali ambapo sayansi haijafika, na limewaruka watu wanaostahili kusikilizwa kuliko wote: watafiti walioonyesha kwamba ndani ya jicho lenye kisukari, usafi huo huo unaweza kuiokoa seli au kuiua, kutegemea ni seli ipi, ugonjwa uko hatua gani, na mkazo ni mkubwa kiasi gani.

Watafiti hao, ambao nawaita wanaosema taratibu, wakitajwa kwenye mazungumzo, jibu huwa kwamba wanapinga funga au wanazitetea kampuni za dawa. Hawapingi funga, wala hawasemi kwamba otofajia, maana ndivyo mchakato huu unavyoitwa, haina faida. Wanachosema ni kigumu tu kukieneza kwa ujumbe mfupi. Naona hoja yao ndiyo inayomfaa zaidi mgonjwa wa Ngamiani au Makorora, na ndiyo maana nitaikalia kuliko ile nyingine, ambayo tayari ina wasemaji wengi.

Mchakato wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Seli hukizungushia utando kipande chake kilichochakaa, kikawa kifuko. Kifuko huungana na lisosomu, yaani kifuko kingine cha seli chenye vimeng'enya vya kusaga. Yaliyomo husagwa, na malighafi yake hutumika upya. Christian de Duve wa Ubelgiji aliupa jina mwaka 1963. Yoshinori Ohsumi wa Japani, mshindi wa Nobel wa mwaka 2016, aliuchunguza ndani ya hamira, jamii ile ile inayoumua maandazi yetu. Lakini kuna jambo katika jaribio lake ambalo wasambazaji wa ujumbe hawalitaji. Ohsumi aliishindisha hamira na njaa, kweli, ila alichagua hamira iliyopungukiwa na vimeng'enya vya kusaga. Vifuko vikaundwa, vikakosa kuyeyushwa, vikarundikana, na ndipo akaviona chini ya darubini. Mrundikano ule ndio uliompa ugunduzi wake. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwenye mjadala wa jicho, na nitalirejea.

Kwanza haki ya upande wa pili. Wanaoisifu otofajia wana msingi imara jichoni kuliko karibu mahali pengine popote mwilini. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni nyingi zaidi kwa uzito wake, na penye kazi nyingi pana taka nyingi. Seli zake zinazopokea mwanga hazigawanyiki. Mtu huzaliwa nazo na kuzeeka nazo, kwa hiyo haziwezi kupunguza uchafu kwa kuugawia seli changa. Kila siku hizo seli hupukutisha takriban sehemu ya kumi ya ncha zao za nje, na tabaka la seli nyeusi lililo nyuma yao huzimeza ncha hizo na kuzisaga, kwa kutumia baadhi ya vifaa vile vile vya otofajia. Kazi hiyo haina likizo tangu utotoni hadi uzeeni.

Tena kuna ushahidi ambao watu wa umri wangu wanaujua kwa ulimi na kwa ngozi. Klorokwini, dawa ile chungu iliyokuwa ikituwasha mwili mzima, ilikuwa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania mpaka mwaka 2001. Dawa hiyo huivuruga lisosomu, hivyo taka hukusanywa bila kusagwa. Wagonjwa wa lupasi au baridi yabisi wanaotumia klorokwini, au ndugu yake haidroksiklorokwini, kwa miaka mingi hutakiwa kupimwa macho mara kwa mara, kwa sababu inaweza kuiharibu retina. Dozi yetu ya siku 3 haikuwa na hatari hiyo. Pia haidaiwi kwamba kuvuruga lisosomu ndiyo njia pekee ya madhara, kwani dawa hiyo hung'ang'ania rangi ya zile seli nyeusi. Hata hivyo mfano unatosha kuonyesha kwamba jicho lililozuiwa kusaga taka zake lina cha kuogopa.

Kwenye kisukari chenyewe, kazi ninayoiona nzuri zaidi kwa upande huo ilitoka Brazil mwaka 2016. Watafiti walichukua seli za Müller za panya, ambazo ni seli tegemezi zinazoishika retina kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakaziweka kwenye sukari nyingi. Otofajia ikaanza kama ilivyotarajiwa, lakini haikukamilika. Protini iitwayo p62, ambayo kwa kawaida husagwa pamoja na taka inazozibeba, ikajaa ndani ya seli. Ni kama mtaa ambao takataka zimefungwa vizuri kwenye viroba na kupangwa barabarani, na gari la taka halikuja. Seli hizo zikaanza kumwaga VEGF, ile protini inayochochea mishipa mipya kuota na mishipa ya zamani kuvuja, kisha zikafa. Walipoongeza dawa ya rapamaisini, usagaji ukaendelea na seli nyingi zikanusurika.

Na kuna utafiti wa mwaka 2018, uliochapishwa katika jarida la Diabetes, ambao watetezi wa funga wangepaswa kuutaja kila siku, kwa sababu ndio bora walio nao. Panya wenye kisukari cha aina ya pili walilishwa siku moja na kushindishwa njaa siku inayofuata, kwa miezi kadhaa. Retina zao ziliepuka madhara ambayo panya wenzao waliokula kila siku waliyapata, na waliishi muda mrefu zaidi. La kushangaza ni kwamba sukari yao ya damu haikuwa imeshuka kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo.

Ukiusoma utafiti huo hadi mwisho, hata hivyo, unakuta watafiti wenyewe hawakuinyooshea kidole otofajia. Walichokiona kimebadilika ni bakteria wa utumbo, na pamoja nao aina moja ya asidi ya nyongo inayofika hadi kwenye retina na kuilinda. Panya wale pia waliwahiwa kabla ugonjwa haujakomaa. Kilichofanyika ni kuzuia, hakikuwa kuponya. Mtu wa Chumbageni ambaye tayari anaona madoa meusi yakielea mbele ya jicho hayumo katika jaribio hilo.

Sasa upande niliosema hausikiki. Hoja yake imejengwa juu ya seli ndogo ziitwazo perisaiti, zilizokumbatia kapilari za retina, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, kwa nje. Tangu mwaka 1961 wanapatholojia walionyesha kwamba kupotea kwa perisaiti ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za kisukari kwenye jicho. Perisaiti ikifa, kapilari hubaki bila mshikizi: hutuna vijipu, huvuja, baadaye huziba. Ukitaka kujua kama otofajia ni rafiki au adui katika ugonjwa huu, ni haki kuanza kwa kuiuliza seli inayotangulia kufa.

Hilo ndilo lililofanywa katika kazi iliyochapishwa na jarida la Diabetologia mwaka 2016. Perisaiti za retina ya binadamu ziliwekwa pamoja na kolesteroli mbaya iliyokwisha kushikwa na sukari na kuoksidika, kama inavyotokea kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Kwenye kiasi kidogo cha sumu hiyo, otofajia ilipanda na ikasaidia seli kuishi. Kiasi kilipoongezwa, otofajia iliendelea kupanda, lakini sasa ikawa imejiunga na upande wa kifo. Seli ni zile zile, vifaa ni vile vile, maabara ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa mkazo.

Naomba msomaji aliangalie hilo kwa makini, maana watu hulipita haraka. Kama otofajia ingekuwa kitu kimoja chema, kuongezeka kwake kungekuwa habari njema kila mara. Kama ingekuwa kitu kimoja kibaya, tungetafuta dawa ya kuizima. Matokeo ya perisaiti hayaruhusu lolote kati ya hayo. Yanasema kwamba mgonjwa wa mwaka wa pili, mwenye kapilari zilizoguswa kidogo, na mgonjwa wa mwaka wa kumi na tano, mwenye retina iliyojaa vivujo, huenda wakahitaji mambo yanayopingana. Ushauri mmoja uliotumwa kwa wote wawili kwa kubonyeza kitufe hauwezi kuwa sahihi kwa wote wawili.

Hapa ndipo ninaporejea kwa hamira ya Ohsumi. Katika tafiti nyingi, otofajia hupimwa kwa protini iitwayo LC3, ambayo hujibandika kwenye utando wa vifuko. LC3 ikionekana nyingi, ni rahisi kuandika kwamba otofajia imeongezeka. Lakini vifuko huwa vingi kwa sababu mbili: ama vinaundwa kwa kasi, ama vinaundwa kwa kasi ya kawaida na kusagwa ndiko kulikokwama. Ohsumi aliviona vifuko vyake kwa sababu ya pili, na aliipanga iwe hivyo. Mtafiti anayepima LC3 peke yake kwenye retina ya panya mwenye kisukari hajui yuko kwenye hali ipi. Ili ajue, lazima azibe mlango wa lisosomu kwa makusudi kwa dawa na kuona kama vifuko vinazidi, au aifuatilie p62 pamoja na LC3. Wengi wanafanya hivyo leo. Wengine hawakufanya, na matokeo yao bado yananukuliwa upande huu na upande ule.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mgongano kati ya tafiti zinazosema otofajia hupanda na zinazosema hushuka katika jicho la kisukari inatokea hapo. Jambo moja, mifuko iliyojaa, linasomwa kama usafi uliopamba moto na pia kama usafi uliokwama. Wanaosema taratibu ndio waliosisitiza swali hili liulizwe. Kuwaita wapinzani wa maendeleo kwa kuuliza ni kuwadhulumu.

Kuna jambo jingine linalowaunga mkono, na hili linahusu dawa. Rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa kisiwa cha Rapa Nui mwaka 1964, ndiyo kiamshi cha otofajia kinachotumika zaidi maabara, na ndiyo iliyookoa seli za Müller kwenye utafiti wa Brazil. Ikimezwa na binadamu, hukandamiza kinga ya mwili na inaweza kuipandisha sukari ya damu. Dawa inayosafisha seli kwenye sahani ya kioo inaweza kumwongezea mgonjwa kile kile kilichomharibia macho. Metformini nayo, ambayo wagonjwa wetu wengi wanaimeza kila siku, huamsha AMPK, swichi inayochochea otofajia. Lakini ilisajiliwa na inatolewa kwa kushusha sukari. Hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu jicho la kisukari kwa kuiongeza au kuipunguza otofajia. Zilizoidhinishwa ni sindano za kuzuia VEGF na za steroidi. Nyingine ni leza, ambayo tangu miaka ya 1970 imeonyeshwa kupunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu kwa wenye ugonjwa uliokomaa.

Sasa takwimu ambayo imenikaa moyoni kuliko zote, ijapokuwa haikupimwa kwa darubini. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, DCCT, ulitoa matokeo kutoka kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 6.5. Waliodhibiti sukari kwa ukali, na walioanza bila tatizo la retina, walipunguza hatari ya kulipata kwa asilimia 76. Waliokuwa tayari na dalili walipunguza kasi ya kuendelea kwake kwa asilimia 54. Takwimu hizo zinajulikana, na ndiyo sababu kila kliniki ya kisukari duniani husema dhibiti sukari.

Ndani ya utafiti huo huo kuna takwimu nyingine. Katika mwaka wa kwanza, kwenye vipimo vya mwezi wa 6 au wa 12, macho ya asilimia 13.1 ya waliodhibiti sukari kwa ukali yalikuwa yamezidi kuharibika, wakati kwa waliotibiwa kawaida ilikuwa asilimia 7.6. Yaani waliofanya vizuri zaidi ndio walioumia zaidi mwanzoni. Waliokuwa kwenye hatari kubwa ni wale walioanza na sukari ya juu sana na ikashuka kwa wingi. Baada ya muda hali iligeuka, na faida ya udhibiti ikawa kubwa kuliko hasara ya mwanzo. Hakuna anayesoma utafiti ule kwa uaminifu akatoka na ushauri wa kuiacha sukari juu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, jaribio la dawa ya semaglutaidi likaonyesha sura inayofanana na hiyo kwa kisukari cha aina ya pili: matatizo ya retina asilimia 3.0 kwa waliopewa dawa, 1.8 kwa wasiopewa, na waliopata shida wengi wao walikuwa na ugonjwa wa retina tangu awali.

Kwa nini retina iumie chakula chake kinapopungua ghafla? Maelezo kadhaa yametolewa, na sitadai kwamba otofajia ndiyo iliyofanya, kwa kuwa halijathibitishwa. Ninachosema ni kwamba retina iliyokaa miaka kwenye sukari nyingi haipokei mabadiliko ya ghafla kwa shukrani. Hiyo ni sura ile ile ya perisaiti: mabadiliko madogo hulinda, mabadiliko makubwa kwa seli iliyochoka huangusha. Anayemwambia mtu mwenye sukari ya 20 ajishindishe njaa siku baada ya siku ili macho yasafishike, anampeleka kwenye mazingira ambayo ushahidi wa binadamu, wala si wa panya, unatuambia tuwe na tahadhari, na kumpeleka huko bila mtu kumwangalia retina kwanza.

Na hilo la kuangaliwa kwanza ndilo kiini cha ushauri wa wanaosema taratibu. Hawakatai sukari ishuke. Wanataka retina ionekane kabla haijashushwa kwa kishindo, ili kama kuna mishipa dhaifu itibiwe, au ifuatiliwe kwa karibu wakati sukari ikitengenezwa.

Hapa Tanga jambo hili si la nadharia. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyestaafu mashamba ya mkonge, aliniambia mwaka huu kwamba ameacha vidonge vyake mchana kwa sababu seli zinafanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Nilimuuliza, "Mzee wangu, jicho la kushoto linaonaje?" Akasema lina ukungu, lakini kijana aliyemtumia ujumbe alimwambia ukungu huo ni taka zinazotoka. Sikumlaumu yule mzee hata kidogo. Alipewa maelezo yanayoleta maana, yenye jina la mshindi wa Nobel ndani yake, na hakuna aliyekuwa amempa maelezo mengine. Ukungu mpya kwa mwenye kisukari unaweza kuwa maji yaliyovuja katikati ya retina, au damu ndani ya jicho, au mtoto wa jicho, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni taka zinazotoka.

Ieleweke kwamba sizungumzii ibada. Funga ya Ramadhani na sunna ya Jumatatu na Alhamisi vina wanaovielezea, na Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Wapo wenye kisukari wanaofunga salama, baada ya kukaa na daktari na kupangiwa upya saa na kiasi cha dawa. Hatari iko kwa yule anayetumia insulini au glibenklamidi na kufunga bila mpango: sukari inaweza kumshuka mchana hadi azimie, kisha magharibi ikapaa kwa mihogo ya nazi, tambi, kaimati na tende zilizoletwa mezani kwa pamoja. Kushuka na kupaa huko hakuna mtafiti aliyekuita usafi wa seli. Na aliyemshauri mgonjwa wa namna hiyo kwa jina la otofajia amechukua kazi ya daktari na ya shehe kwa mkupuo mmoja, bila idhini ya yeyote kati yao.

Upande wa pili hunijibu hivi: maskini hana leza, hana sindano za jichoni, lakini njaa haina bei; kwa nini mnamnyang'anya tiba pekee aliyonayo? Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, na siwezi kuipuuza. Kwa leza na sindano wagonjwa wengi wa kanda hii huelekezwa hospitali ya KCMC Moshi au Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa upande wowote, na nauli, na mtu wa kumsindikiza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Katika uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro, zaidi ya robo ya wagonjwa wa kisukari walioangaliwa macho walikuwa na dalili kwenye retina. Ukiziweka takwimu hizo pamoja na idadi ndogo ya madaktari wa retina nchini, unaelewa kwa nini watu wanashika lolote lililo karibu.

Lakini hoja hiyo inasahau kwamba kipo kingine cha bei ndogo chenye ushahidi wa binadamu. Utafiti wa Uingereza, UKPDS, ulionyesha mwaka 1998 kwamba kushusha presha kwa wenye kisukari cha aina ya pili kulipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 34, na kupungua kwa uoni kwa asilimia 47. Dawa za presha ni za zamani na za bei nafuu. Mashine ya kupima presha iko kwenye zahanati nyingi na kwenye maduka mengi ya dawa. Sijawahi kuona ujumbe wa presha ukisambazwa usiku wa kuamkia Ramadhani, na naamini ungeokoa macho mengi kuliko ule wa saa 16.

Sisemi otofajia iachwe kwa wanasayansi na sisi tufunge masikio. Natamani tafiti ziendelee, na natamani siku moja ipatikane dawa inayomsaidia mgonjwa wa mwanzo kumaliza usagaji uliokwama, na isimguse yule ambaye seli zake zimekwisha kuelemewa. Njia kuelekea huko inapita kwenye swali la hatua ya ugonjwa, na hatua ya ugonjwa haijulikani kwa kujihisi. Retina haina maumivu ya kukuonya. Mtu anaweza kusoma gazeti vizuri leo huku mishipa mipya dhaifu ikiota nyuma ya jicho.

Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa kuchunguzwa retina mara tu anapogundulika, kisha angalau kila mwaka, au mapema zaidi kadiri atakavyoelekezwa. Wa aina ya kwanza, ndani ya miaka 5 tangu agundulike. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba asisubiri mwaka uishe. Anayepanga kubadilisha ulaji kwa kishindo, kuanza insulini, au kufunga mfululizo akiwa na sukari ya juu, aombe kuchunguzwa kabla ya kuanza. Kwa watu wa mjini hapa, mahali pa kuulizia ni kliniki ya macho ya hospitali ya Bombo. Aende na daftari lake la kisukari na orodha ya dawa zote, zikiwemo za asili. Atawekewa matone ya kupanua mboni, ambayo humfanya aone vitu vya karibu kwa ukungu na kuumizwa na mwanga kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiende akiendesha pikipiki mwenyewe. Aende na kijana wake, na kama kijana huyo ndiye mwenye kusambaza ule ujumbe, aingie naye chumbani ili amsikie mtaalamu akieleza alichokiona.